Utepe wa 2006, na mwili uliozeeka nao

Kina mama wanaonivuta pembeni kuniuliza habari za operesheni ya kuvuja mkojo niliyofanyiwa 2006, ya kuwekewa utepe chini ya mrija wa mkojo, huwa na swali moja tu: "Ulipona?" Jibu langu limebadilika kila baada ya miaka michache. Ungeniuliza 2007 ningekuapia kwamba tatizo hilo kwangu limekwisha. Ungeniuliza miaka kumi baadaye ningejibu kwa unyonge, na katikati ya 2018 pengine ningekukwepa, maana nilikuwa nalala na hofu. Leo nasema hivi: kilichonipeleka kwa daktari kimepona, na kipo kingine kinachonisumbua ambacho operesheni ile haikukusudiwa kukiponya. Imenichukua miaka kuyatenganisha mambo hayo mawili, na nimeona wanawake wengi wakijiona wamefeli, au wakidai wamedhulumiwa, kwa kuwa hakuna aliyewatenganishia.

Mimi mzaliwa wa Tanga. Watoto wangu wote nimewazaa huko kwa njia ya kawaida, na yule wa mwisho alikuja mkubwa, uchungu ukawa mrefu, nikashonwa. Mama akanikanda maji ya moto arobaini nzima, nikafungwa tumbo kwa kanga kuukuu, nikainuka salama isipokuwa jambo moja: nikipiga chafya, mkojo unaponyoka. Si mwingi, wa kulowesha chupi tu. Nilipomweleza somo yangu alicheka. "Mwanangu, hayo ndiyo malipo ya uzazi. Vaa kanga mbili." Na kweli kila niliyemdokeza alikuwa nayo, au mamake alikuwa nayo, basi nikaona ndivyo tulivyoumbwa.

Uingereza ndiko yaliponizidi. Nilimfuata baba watoto katika mji wa bandari kusini mwa nchi, nikapata kazi ya kutunza wazee kwenye makao yao: kuwageuza kitandani, kuwainua, kusukuma viti vya magurudumu juu ya mazulia mazito. Kila nikiinua, nalowa. Kikohozi cha majira ya baridi kilikuwa mateso matupu. Nikawa mtu wa pedi kila siku ya Mungu, nguo nyeusi, chupi ya akiba mkobani, na popote niendapo cha kwanza ni kuulizia choo kiko wapi.

Kilichoniuma zaidi ni swala. Nikisujudu na kuinuka nahisi kitu kimetoka, nabaki sijui udhu ninao au sina. Tarawehe ya msikitini nikaiacha, nikawa naswali chumbani peke yangu. Mwalimu mmoja wa kike wa madrasa ndiye aliyenikalisha chini akanieleza kwamba dini ina nafasi kwa mwenye udhuru: ajisafishe, ajifunge, achukue udhu wakati wa swala ukishaingia, aswali. Nilishusha pumzi. Kisha akaongeza, "Lakini dada, haya yana tiba. Kamwone daktari." Wahenga walisema mficha uchi hazai, mimi nilikuwa nimeshazaa na bado naficha.

Daktari wa mtaa hakushangaa hata kidogo. Alinipeleka kwanza kwa mtaalamu wa mazoezi, si kwa mpasuaji. Bibi yule alinifundisha kuibana misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoibana ukizuia upepo usikutoke mbele ya wakwe, kuishikilia nikihesabu, kuiachia taratibu, na kuibana upesi kila nikihisi chafya inakuja. Kutwa mara tatu, kwa miezi. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyatangaza mazoezi hayo tangu 1948, na hadi leo ndiyo yanayoanza kabla ya kisu. Yalinisaidia sana nyumbani. Kazini, nikiwa nimemshika mzee mwenye mwili wake, hayakutosha.

Nikapelekwa kwenye kipimo cha kibofu. Unapitishiwa mpira mwembamba, wanakujaza maji polepole, kisha unasimama mbele ya wageni ukiambiwa "kohoa", "kohoa tena", huku mashine inachora mistari. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ni pale muuguzi aliponipa maelezo ambayo ningependa kila mwanamke ayapate kabla hajamruhusu mtu amkate. Alisema kuvuja kwa wanawake kama mimi kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya msukumo: unakohoa, unacheka, unainua ndoo, tumbo linakisukuma kibofu, na mrija wa mkojo ambao nyama zinazoushikilia zimelegea kwa uzazi unashindwa kujifunga. Ya pili ni ya kubanwa ghafla: kibofu chenyewe kinajikamua bila ruhusa yako, unabanwa na hufiki chooni. Wapo wenye zote mbili. Utepe unatibu ile ya kwanza. Ya pili inatibiwa kwa kukifunza kibofu subira, kwa vidonge, kwa kupunguza chai na kahawa. Mashine ilionyesha mimi nilikuwa na ya kwanza tupu.

Operesheni yenyewe ilikuwa fupi kuliko foleni yake. Ilibuniwa na Ulf Ulmsten, profesa wa Uppsala huko Sweden, akishirikiana na Peter Petros wa Australia, ikaanza kuenea katikati ya miaka ya 1990. Kabla yao mwanamke alipasuliwa tumbo: ama kibofu kishonewe juu kwa nyuzi, ama akatwe ukanda wa utando wake mwenyewe uwekwe chini ya mrija. Ulmsten alileta utepe mwembamba wa plastiki ya polipropilini, uliofumwa kama wavu, upana wake sentimita moja hivi. Mpasuaji anachana kidogo ndani ya uke, anaupitisha utepe chini ya mrija wa mkojo kwa sindano mbili kubwa zinazopita nyuma ya mfupa wa kinena na kutokea juu yake kwenye vitundu viwili. Haushonwi. Nyama za mwili zinaota ndani ya matundu ya ule wavu na kuushika. Ukikohoa, mrija unabanwa juu ya utepe na kufunga.

Mimi nilifanyiwa kwa ganzi ya sehemu na dawa ya kunisinzisha, kwa hiyo nilikuwa nasikia. Katikati ya kazi daktari aliniambia nikohoe, pale pale mezani, ili aone utepe umekaa sawa: usilegee nikavuja, usikaze nikashindwa kukojoa. Halafu akaingiza kamera nyembamba kutazama kama sindano hazijatoboa kibofu. Jioni hawakuniruhusu hadi nikojoe na wapime kwa picha kiasi kilichobaki ndani. Mwanzo kilibaki kingi, nikalala. Kesho yake nikaruhusiwa na karatasi: usiinue kitu kizito kwa majuma sita, usikutane na mumeo kwa muda huohuo. Baba watoto aliisoma karatasi ile kwa makini kuliko mkataba wa nyumba.

Kisha ukavu. Nashindwa kuueleza kwa asiyewahi kulowa. Nilipiga chafya jikoni nikasimama kama mjinga nikisubiri, hakikuja kitu. Ramadhani iliyofuata nikarudi kwenye safu ya wanawake. Nilicheza chakacha kwenye harusi ya mpwa wangu Tanga bila kufunga chochote chini. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba mkojo ulikuwa ukitoka polepole kuliko zamani, lazima nikae, niegemee mbele kidogo, niusubiri umalizike. Nilizoea.

Miaka hiyo ya mwanzo ndiyo ambayo utafiti mwingi huipima, na ndiyo ambayo daktari hukunukulia. Marekani ulifanyika utafiti mkubwa wa wanawake 597, ukachapishwa 2010, ukilinganisha utepe kama wangu na ule mwingine unaopitishwa kwenye mapaja badala ya nyuma ya mfupa. Baada ya mwaka mmoja, takriban wanane kati ya kumi kwa kila upande walihesabiwa wamefaulu kwa vipimo vya daktari. Basi wauguzi wakasema "asilimia themanini", na mwanamke akaenda nyumbani na hiyo namba akidhani ni ya maisha. Wale waliofuatiliwa hadi miaka mitano, hesabu ya kufaulu ilikuwa chini zaidi: asilimia 51.3 kwa utepe wa nyuma ya mfupa, asilimia 43.4 kwa ule wa mapajani. Niliposoma hivyo mara ya kwanza mikono iliniishia nguvu.

Lakini soma zaidi. Kufaulu kwa miaka mitano hakukupimwa kwa kipimo kilekile cha mwaka wa kwanza, na masharti yake yalikuwa makali: ukisema tu kwamba kuna kudondoka kidogo ukikohoa, umehesabiwa umefeli, hata kama zamani ulikuwa unalowesha godoro na sasa ni tone. Wanawake haohao walipoulizwa kama wameridhika, karibu wanane kati ya kumi au zaidi walisema ndiyo. Na huko Ulaya Kaskazini kuna kundi la wanawake 90 waliowekewa utepe wa Ulmsten mwanzoni kabisa. Waliopatikana baada ya miaka 17 walipimwa, zaidi ya asilimia 90 hawakuvuja walipokohoa mbele ya daktari, na asilimia 87 walisema wamepona au wako nafuu sana kuliko zamani. Kundi dogo, la wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu na kufanyiwa na mabingwa wenyewe, kwa hiyo mimi siichukui namba hiyo kama ahadi. Naichukulia kama ushahidi kwamba utepe wenyewe unaweza kudumu. Tatizo ni kwamba wewe unayeubeba huwezi kubaki na umri uleule kwa siku hizo zote.

Ndipo nikafika miaka ya kukoma hedhi. Ukavu ukeni, muwasho, UTI za kujirudia, na jambo jipya: kubanwa. Natia ufunguo mlangoni, maji ya bomba yanasikika, nakimbia, sifiki. Nililia. Nilisema utepe umeoza, au umekatika, na kwamba zile namba za miaka mitano zimenifikia. Nikarudi kwenye foleni, nikarudi kwenye ile mashine ya aibu. Wakanikohoza tena na tena: sikuvuja. Kibofu ndicho kilichokuwa kinajikamua chenyewe. Ile njia ya pili ambayo muuguzi alinieleza zamani, sasa ilikuwa imefunguka kwangu.

Sababu zake haziko wazi kila mara. Utepe nao unaweza kuleta kubanwa, hasa ukiwa umekaza na mkojo hautoki wote, na hilo ni miongoni mwa madhara yanayojulikana. Ndiyo maana walinipima tena kiasi kinachobaki kibofuni na kunitazama ndani kwa kamera kama wavu umechomoza. Haukuwa umechomoza. Umri wenyewe pia huleta kubanwa kwa wanawake ambao hawajawahi kuguswa na kisu. Nikapewa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo kwangu imekuwa neema, UTI zimekuwa za nadra. Nikafundishwa kukikatalia kibofu: nikibanwa nisikimbie, nisimame, nibane misuli, nihesabu, ndipo niende kwa mwendo wa mtu mzima. Chai ya rangi nikaipunguza, jambo lililoniuma kuliko operesheni. Hali yangu sasa ni kwamba sivuji nikikohoa hata kidogo, na baadhi ya siku, hasa za baridi, navaa pedi nyembamba kwa tahadhari. Ungenijaza kwenye dodoso la watafiti, sijui ningetiwa kundi gani.

Sasa hiyo 2018. Mwezi Julai serikali ya Uingereza ilisimamisha utumiaji wa nyavu hizi kwa kuvuja mkojo, baada ya Baroness Julia Cumberlege, aliyekuwa akiongoza tume ya kusikiliza wagonjwa, kushauri hivyo. Scotland walishasimamisha tangu 2014. Televisheni ikajaa wanawake walioshindwa kutembea, walioachwa na waume, walioambiwa kwa miaka kwamba maumivu yako kichwani mwao. Nilikaa nikiangalia huku mkono uko tumboni. Kitu kilekile kilikuwa ndani yangu. Ripoti ya Cumberlege ilipotoka Julai 2020 ikasema wazi kwamba wagonjwa hawakusikilizwa na kwamba hapakuwa na daftari la kuwafuatilia waliowekewa.

Sikuhitaji televisheni kuniaminisha. Shoga yangu wa Mombasa, tuliyefahamiana kazini, alikuwa amewekewa ule wa mapajani miaka michache baada yangu, katika hospitali ya mji mwingine. Mkojo ulikauka kama wangu, na tulifurahi pamoja. Lakini tangu miezi ya kwanza alikuwa na maumivu ya kinena na paja la ndani, yakizidi akipanda ngazi au akikaa garini. Baadaye mumewe akasema kuna kitu kinamkwaruza. Alipolalamika aliambiwa ni mgongo, mara mishipa, mara uzito. "Bibi wee," aliniambia siku moja, "mkojo niliuzoea. Huu uchungu siwezi kuuzoea." Wavu ulikuwa umechomoza ukeni. Mara ya kwanza wakakata kipande kilichochomoza tu, maumivu yakabaki. Hadi vilipofunguliwa vituo maalumu vya madhara ya nyavu huko England, mwaka 2021, ndipo alipopata wapasuaji wa kuutafuta uliobaki mapajani. Kuutoa ni kazi ngumu, kwa sababu ileile inayoufanya ushike: nyama zimeota ndani yake. Kuvuja kulimrudia, kama walivyomwonya. Anasema hajuti. Anatembea.

Nimeishi na hadithi hizi mbili, yangu na yake, na sikubali ya mmoja ifute ya mwenzake. Nikisema mimi nilipona, kuna watu huona namtukana. Na wapo wapasuaji ambao, ukiwatajia wenye maumivu, wanakutolea takwimu. Takwimu zenyewe ni hizi, na ni nzuri kuzijua. Watafiti walipitia rekodi za wanawake zaidi ya 95,000 waliowekewa utepe katika hospitali za England kati ya 2006 na 2015, ikiwa ndiyo miaka yetu mimi na yeye. Kufikia mwaka wa tisa, asilimia 3.3 walikuwa wamerudi kutolewa utepe, wote au sehemu yake, na asilimia 4.5 walikuwa wamepasuliwa tena kwa sababu ya kuvuja. Hapo wapo wachache ukilinganisha na wote. Lakini asilimia tatu ya elfu tisini na tano ni wanawake elfu tatu hivi, na rekodi za upasuaji humwona aliyefika kwenye meza ya upasuaji tu. Miaka yote ambayo shoga yangu aliambiwa ni mgongo, kwenye hesabu ile alikuwa miongoni mwa waliofaulu.

Jambo jingine linalochanganywa sana, hata na ndugu zangu wanaonitumia habari za kutisha kwenye simu: nyavu zilizopigwa marufuku Marekani Aprili 2019 zilikuwa zile zinazowekwa kupitia ukeni kuinua kizazi na kuta za uke zilizoshuka. Ni shuka pana la wavu, si utepe. Utepe wa mkojo haukuguswa na agizo lile, na huko bado unawekwa. Uingereza ndiyo iliyofunga mlango wa vyote viwili, na sasa mwanamke mwenye shida yangu ya 2006 akienda hospitali ataelekezwa zaidi kwenye sindano za kujaza mrija, kushonewa kibofu, au ukanda wa mwili wake mwenyewe. Yaani tumerudi kwa kina bibi wa kabla ya Ulmsten, wenye kovu la tumbo.

Ukanda huo wa mwili ndio niliomweleza mdogo wangu wa Tanga. Alinipigia simu usiku mmoja, sauti chini. "Dada, na mimi yamenianza." Kabla yangu alikuwa ameshamdokeza jirani, na jirani alimtangazia kwamba ana fistula. Hapo nilimkatiza. Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, mara nyingi kwa uchungu uliokwama, na mkojo unachuruzika usiku na mchana, umelala au umesimama, hausubiri chafya. Mwenye hiyo aende Dar es Salaam hospitali ya CCBRT, anatibiwa bila malipo. Mdogo wangu analala mkavu. Analowa akibeba ndoo. Ni tofauti kabisa. (Ingawa nimejifunza kwamba hata wenye fistula, tundu likishazibwa vizuri, wapo wanaobaki wakivuja kwa sababu mrija umeharibika, na kwa hao wapasuaji hupendelea kutumia nyama ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa plastiki kwenye kovu lisilo na damu ya kutosha ina hatari kubwa ya kuchomoza.)

Akaniuliza kama ningemshauri avuke maji kutafuta utepe kama wangu, maana kuna mtu alimwambia India wanaweka. Nikamwambia asikie kwanza habari za ukanda wa mwili. Wanachukua kipande cha utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, wanakiweka chini ya mrija. Hakuna plastiki ya kuchomoza. Lakini una jeraha la tumbo, unakaa kitandani zaidi, na kukojoa kunaweza kugoma: katika utafiti wa Marekani wa wanawake 655, uliochapishwa 2007, asilimia 14 ya waliowekewa ukanda walipata shida ya kutoa mkojo, wakati walioshonewa kibofu walikuwa asilimia 2. Kwa kuzuia kuvuja ukanda ulishinda. Kisha baada ya miaka mitano waliobaki wakavu kabisa, bila tone la aina yoyote, walikuwa asilimia 30.8 wa ukanda na asilimia 24.1 wa kushonewa, na bado asilimia 83 ya wenye ukanda walisema wameridhika.

"Thelathini tu, dada?" akasema. "Sasa wanaridhika na nini?"

Nilicheka, maana ndilo swali langu la zamani. Wanaridhika kwa sababu wanapima kwa walipotoka. Mtu aliyekuwa akibadili nguo kutwa, akibaki na tone la jioni, atakuambia ameridhika, na ni kweli. Mtu aliyeahidiwa ukavu wa maisha akipata tone lilelile atakuambia ametapeliwa. Nikamwambia akimwona daktari asimuulize "nitapona?" Amuulize wagonjwa wake wa miaka mitano nyuma wako wapi na wanasemaje. Amuulize kama amepima kibofu au anabahatisha kwa maelezo. Kama ni wavu, amuulize ni nani atakayeutoa ukileta shida, na yuko mji gani. Kama daktari amekasirika kwa maswali hayo, atafute mwingine. Na amweleze mumewe mapema kuhusu yale majuma sita.

Kwa sasa hajapasuliwa. Amepata mtaalamu wa mazoezi katika hospitali ya serikali huko nyumbani, kijana wa kiume, jambo lililomtesa mwanzoni hadi alipogundua kwamba kijana ana aibu kumshinda. Anabana asubuhi akichemsha maji na jioni akiangalia tamthilia. Ndoo amemwachia mwanawe wa kiume abebe, na kilo amepunguza kiasi, kwa sababu uzito nao unakikandamiza kibofu. Juzi kaniambia kikohozi bado kinamtoa kidogo lakini kucheka hakumtoi tena. Mwakani nikienda likizo tutaona kama anahitaji zaidi. Wifi yake ndiye ameshika kiherehere cha kupasuliwa, na huyo hajafanya zoezi hata moja.